Mtoto wa Macalder Naye Apate Mwaka wa Ugenini

Kwa miaka mingi sasa, ifikapo mwezi wa Agosti, wamekuwapo vijana wachache wa shule za upili za Kenya wanaoagana na wazazi wao katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kwenda kuishi mwaka mzima wa masomo katika nyumba za watu wasiowajua, huko Marekani, Ujerumani na kwingineko. Hawa si wanafunzi wa vyuo vikuu waendao kutafuta shahada. Ni watoto wa miaka 15, 16 au 17, na mpango unaowapeleka huitwa wa kubadilishana wanafunzi. Sisi twauona kuwa ni mpango mwema. Hata hivyo hatuna budi kuuliza ni watoto wa nani hasa wanaokwenda, na warudipo hupokewa na nani. Kwa maana majibu ya maswali haya mawili hayamridhishi hata kidogo mzazi aliyeko Macalder.

Msomaji asiyepajua Macalder na afahamu kwamba ni mji mdogo katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, upande ule ambako nchi yetu inakaribia kukutana na Tanzania na Ziwa Viktoria. Jina lake si la Kijaluo. Ni masalio ya enzi za wakoloni, Wazungu walipokuwa wakichimba shaba na dhahabu mahali hapo. Mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1966, kampuni ikafunganya virago, na vilima vya mchanga uliokwisha kusagwa vikaachwa hapo hapo. Tangu wakati huo wenyeji wamekuwa wakichimba kwa sururu na kuuosha upya mchanga ule ili kupata chembe za dhahabu zilizosazwa. Ni kazi inayolisha nyumba nyingi, nasi hatuidharau. Lakini ni kazi inayowavuta watoto. Mvulana wa miaka 13 anapomwona mwenziwe akirudi kutoka shimoni na noti mfukoni, kitabu hupoteza ladha. Msichana naye huonekana akichanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, asijue kuwa sumu ile inamwingia mwilini kidogo kidogo.

Wengine huacha shule mwaka mmoja au miwili, kisha wakarudi. Hapo ndipo tatizo letu la kwanza linapoanzia. Kanuni za Marekani zinataka mwanafunzi wa kubadilishana wa shule ya upili awe na umri usiopungua miaka 15 na usiozidi miaka 18 na nusu siku anapoanza masomo. Kwa mtoto wa Nairobi aliyeingia chekechea akiwa na miaka mitatu, sharti hilo si kitu. Kwa mvulana wa Nyatike aliyepoteza miaka miwili mgodini, au katika mitumbwi ya wavuvi wa Muhuru, sharti hilo ni komeo. Isitoshe, atatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa, pasipoti, alama nzuri, barua ya mwalimu mkuu, na zaidi ya yote awe amepata habari. Habari zenyewe hupitia katika intaneti na katika shule ambazo tayari zimewahi kupeleka mwanafunzi. Shule ambayo haijawahi kupeleka haijui kitu, na kwa kuwa haijui, haipeleki.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya anasa, na kwamba mtoto wa mchimba dhahabu anahitaji chakula na karo kabla ya kusikia habari za ng'ambo. Hoja hiyo twaielewa. Lakini historia ya Nyanza yenyewe inaipinga. Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, na aliporudi hakutosheka na kusoma kwake peke yake. Septemba 1959 ndege ya kwanza, iliyochukua wanafunzi 81, ilitoka Nairobi kuelekea New York kwa juhudi zake na za marafiki wake Wamarekani, wakiwamo Jackie Robinson, bingwa wa besiboli, na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na kufikia 1963 vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari. Wazazi wa wengi wao hawakuwa matajiri. Mifugo iliuzwa, na vijiji vikachanga senti kwa senti. Hakuna aliyewaambia wazee wale kuwa wangoje kwanza washibe.

Wengi wa vijana wa Mboya walikuwa watu wazima waliokwisha kufundisha au kufanya kazi za ukarani. Mfano ulio karibu zaidi na mtoto tunayemzungumzia unatoka upande wa pili, katika safari zilizopangwa na Jaramogi Oginga Odinga kuelekea nchi za Kisoshalisti. Mmoja wa vijana hao alikuwa mwanawe mwenyewe, Raila, aliyeiacha shule ya Maranda mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 17, akapelekwa Ujerumani Mashariki. Alianza kwa kujifunza Kijerumani mjini Leipzig, katika Taasisi ya Herder, kabla ya kwenda Magdeburg kusomea uhandisi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa mwaka mmoja tu kabla ya kufika kwake. Wajerumani wa rika lake hawakuruhusiwa kuuvuka, ilhali yeye, kwa kuwa alikuwa mgeni kutoka Afrika, aliweza kupita kwenda Berlin Magharibi, na akawa akirudi na vitu ambavyo rafiki zake wa upande wa mashariki hawakuvipata madukani. Aliporejea mwaka 1970 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni iliyokuja kutengeneza mitungi ya gesi ya kupikia. Raila alifariki Oktoba 2025, na mengi yameandikwa na yataandikwa juu ya siasa zake. Sisi hapa tunamkumbuka yule barubaru wa Maranda ambaye, katika umri ambao wenziwe walikuwa wakihangaikia mitihani, alikuwa anajifunza jina la kila kitu upya kama mtoto mchanga.

Kuna mfano mwingine, wa kizazi cha juzi. Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico mwaka 1983 wakati baba yake alipokuwa huko, alirudishwa na wazazi wake katika nchi hiyo akiwa na miaka 16 ili ajifunze Kihispania. Alikaa miezi 7 katika mji wa Taxco. Dunia ilimjua mwaka 2014 alipotunukiwa tuzo ya Oscar. Lakini kinachotuvutia sisi ni mji aliokaa, kwa sababu Taxco nao ni mji wa migodi. Wahispania walichimba fedha huko kwa karne nyingi, na sifa iliyobaki leo si ya mashimo bali ya mafundi. Tangu miaka ya 1930, Mmarekani mmoja aitwaye William Spratling alipofungua karakana huko, wenyeji wamekuwa wakiifua fedha hiyo wenyewe na kuuza bangili, mikufu na vikombe kwa watalii. Dhahabu ya Macalder huondoka ikiwa punje ndani ya kikaratasi cha dalali. Hatusemi kuwa kijana mmoja akipelekwa Taxco atarudi na karakana mkobani. Twasema tu kuwa hajawahi kupelekwa hata mmoja akaone.

Basi na tuseme mtoto huyo amepata bahati, ameteuliwa, na ndege imemtua katika jimbo fulani la katikati ya Marekani. Maisha yanayomngoja si yale anayoyaona kwenye sinema. Familia inayompokea, kinyume cha wanavyodhani watu wengi kijijini, hailipwi. Kanuni za mipango hii haziruhusu. Ni watu waliojitolea kumpa kitanda, chakula na nafasi mezani. Wiki ya kwanza yeye ni mgeni wa heshima, kila mtu anamtazama akila. Kisha wahenga wanathibitika: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hupewa zamu ya kuosha vyombo, kukata nyasi, kuzoa theluji mlangoni, na kumtembeza mbwa ambaye, kwa mshangao wake mkubwa, hulala ndani ya nyumba na ana daktari wake. Kwa mvulana aliyelelewa katika boma la Kijaluo ambamo jikoni ni kwa mama na dada zake, zamu ile ya vyombo ni somo kubwa kuliko hesabu za shuleni. Tunatamani angekuja nalo nyumbani, ingawa twajua mara nyingi huliacha kwenye uwanja wa ndege.

Lugha nayo humpiga chenga. Amesoma Kiingereza tangu utotoni, amepata alama za juu, na bado wiki za kwanza hasikii neno, wala wao hawamsikii. Anaulizwa yu hali gani, naye anaanza kueleza hali yake kwa kirefu, kumbe aliyeuliza amekwisha kupita zake. Rafiki anajikwaa ngazini, naye kwa adabu ya kwao anamwambia pole kwa Kiingereza. Rafiki anageuka kwa mshangao na kumuuliza kwani yeye amefanya nini. Kiswahili kina pole, Kijaluo kina mos, na Kiingereza cha kule hakina neno la kumhurumia mtu bila ya kukiri kosa. Mtoto huyu anajifunza hapo kuwa kuna mambo ya kwao ambayo hakuwahi kujua kuwa yana thamani, kwa kuwa hakuwahi kuyakosa.

Baridi huja. Mtoto aliyezaliwa karibu na ikweta, ambaye jua kwake huchomoza na kutua kwa saa ile ile mwaka mzima, anaona giza likiingia saa kumi na moja jioni, na asubuhi anangoja basi la shule katika giza jingine. Huu ndio msimu wa upweke. Wale waliorudi husimulia kwamba mwezi wa tatu na wa nne ndiyo migumu, wakati ugeni umeisha na uzoefu haujaja. Hutamani omena, hutamani kelele, hutamani mtu aingie nyumbani bila ya kupiga simu kwanza. Akizungumza na mama yake usiku, huku ni asubuhi ya kesho yake. Na mara nyingine mazungumzo hayo humwongezea mzigo, kwa sababu mjomba naye amechukua simu na kuomba fedha. Kijijini huaminiwa kuwa aliyeko Marekani hawezi kukosa. Hakuna anayeamini kuwa mtoto yule haruhusiwi kuajiriwa, na kwamba posho anayopewa ni ya sabuni na chakula cha mchana.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi sana katika mikutano ya kuwaaga. Kule Macalder mtoto huyu alikuwa Mjaluo, alikuwa wa dhehebu fulani, alikuwa wa fulani bin fulani. Akifika huko, kwa mara ya kwanza katika maisha yake anakuwa mtu mweusi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Muuza duka anamfuata nyuma. Mwenziwe darasani anaomba kuzigusa nywele zake. Mwingine anauliza kama kwao kuna simba njiani, na huyu wa mwisho afadhali, kwani hana nia mbaya. Wazazi wasidhani kuwa ni jambo la Marekani peke yake. Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu mjini Moscow, baada ya mwenzao wa Ghana, Edmund Assare-Addo, kukutwa amekufa, wakilalamikia namna walivyokuwa wakitendewa katika nchi iliyojisifu kuwa rafiki wa Waafrika. Mtoto na aambiwe haya kabla ya kupanda ndege. Asipoambiwa, atadhani kosa ni lake.

Pamoja na hayo yote, wengi wao hustahimili, na hustawi. Ifikapo mwezi wa Mei, yule aliyekuwa haelewi neno anasimama mbele ya darasa na kueleza Ziwa Viktoria lilipo, na Kenya si kijiji bali ni nchi. Anamwita mama wa nyumba ile mama, na siku ya kuondoka wote wawili wanalia. Mwaka 1947, vita vilipokwisha, shirika la AFS, ambalo lilianza kama kikosi cha madereva wa magari ya wagonjwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, liliwapokea wanafunzi 52 kutoka nchi 10. Waasisi wake walikuwa wameona maiti nyingi, na waliamini kuwa aliyekula mezani pa watu hatawapiga risasi kwa wepesi. Mwaka 2002, kufuatia mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge la Marekani lilianzisha mpango mwingine, uliokuja kupewa jina la maseneta Kennedy na Lugar, kwa ajili ya vijana kutoka mataifa yenye Waislamu wengi, na Kenya ikaingizwa. Ni haki kusema kuwa mtoto wa Nyatike hakuwa akilini mwa wabunge wale. Hatuwalaumu, kila mtu huzima moto unaoukaribia uzio wake.

Sasa tuje kwenye marejeo. Waswahili husema aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya mtoto huyu ni shule aliyoiacha. Mwaka wa masomo wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kumalizika Juni. Wetu huanza Januari. Kwa hivyo aendaye mwaka mmoja huvunja miaka miwili ya kwetu: huondoka muhula wa pili au wa tatu, na hurudi katikati ya mwaka unaofuata. Akifika, anakuta wenziwe wamesonga mbele. Mwalimu mkuu hana mwongozo wowote wa kumwambia afanye nini na hati ya alama iliyotoka katika shule ya Ohio. Kwa kawaida mtoto anarudishwa nyuma darasa moja, na mwaka wake wa ugenini unahesabiwa kuwa haukuwapo. Amesoma biolojia kwa darubini, amecheza katika bendi, amejitolea katika hospitali ya wazee, na shuleni kwake yote hayo ni sawa na mtu aliyekuwa mgonjwa kitandani.

Mzazi wa mjini hulimudu jambo hilo, kwa sababu ana fedha za kulipia mwaka wa ziada. Mzazi wa Macalder hana. Kwake mwaka wa ziada ni mwaka wa karo, na ni mwaka mmoja zaidi ambao mtoto anaweza kurudi shimoni. Ndiyo maana akishauriwa aruhusu mtoto aende, hukataa, na watu wa mjini wakasema kuwa hakusoma. Amesoma hesabu yake vizuri sana.

Twaona kuwa huu ni wakati mwafaka wa kulirekebisha jambo hili, kwani mfumo wenyewe unabadilika. Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, unaelekea ukingoni. Mtaala huu mpya unajisifu kuwa unapima anachoweza kufanya mtoto, na si kile alichokariri. Unatilia maanani tathmini zinazofanywa darasani mwaka hadi mwaka. Hapo pana hatari na pana nafasi. Hatari ni kwamba mtoto asiyekuwapo nchini atakosa alama za tathmini hizo na kuumia kuliko zamani. Nafasi ni kwamba Wizara ya Elimu, kwa waraka mmoja wa kurasa tatu, inaweza kueleza jinsi alama za shule ya ugenini zitakavyopokewa, nani atakayezithibitisha, na mtoto ataingia gredi gani. Waraka huo hauhitaji fedha. Unahitaji mtu wa kuuandika.

La pili ni fedha, na hapa tutahadhari. Mpango unaotegemea mkoba wa serikali ya watu hufungwa mkoba ule unapofungwa. Mapema mwaka 2025 serikali ya Washington ilisimamisha kwa muda fedha za mipango yake ya kubadilishana wanafunzi, vijana wengine wakiwa tayari ugenini. Mwezi wa Mei mwaka huo huo balozi za Marekani ziliamriwa zisitishe kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi. Yaliporuhusiwa tena mwezi wa Juni, lilikuja sharti la kuchunguza yale ambayo mwombaji ameyaandika katika mitandao ya kijamii. Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Sisi nasi tuna haki ya kutouweka mustakabali wa watoto wetu katika mlango mmoja tu. Liko Chuo cha UWC kule Moshi na Arusha, ambacho mtoto wa Migori aweza kukifikia kwa basi, kikiwa na vijana wa mataifa mengi. Iko Japani, ambako mji wa Minamata ulitiwa sumu ya zebaki kutoka kiwandani, ugonjwa wake ukagunduliwa mwaka 1956, na jina lake likapewa mkataba wa dunia wa mwaka 2013 wa kuidhibiti zebaki. Kama kuna mtoto mwenye sababu ya kukaa mwaka mmoja Minamata na kurudi kuwaeleza watu wake alichokiona, basi ni mtoto wa Macalder.

Tukisema hivi hatutaki kaunti zikurupuke. Yaliyotokea Uasin Gishu hayajasahaulika. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi, kila mmoja kwa ajili ya mtoto wake, chini ya mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana vyuoni Finland na Canada. Mwaka 2023 ikafichuka kuwa fedha nyingi hazikuwa zimefika vyuoni, wanafunzi wakakwama ugenini, wazazi wakaandamana, na jambo likaishia mbele ya Seneti na mahakamani. Wale walikuwa vijana wakubwa. Mtu na afikirie mtoto wa miaka 16 akikwama hivyo. Kwa hiyo fedha za umma zikitumika, zilipwe moja kwa moja kwa shirika linalotambuliwa na shule inayompokea, na hesabu zibandikwe mlangoni pa ofisi ya kaunti ambapo kila mzazi ataziona. Na mzazi anayefuatwa na mtu mwenye mkoba wa ngozi akiahidi nafasi ya kubadilishana kwa malipo ya haraka, amwonyeshe njia ya kituo cha polisi.

Twapendekeza kuanza na wachache: wanafunzi wawili kila mwaka kutoka kila kaunti ndogo ya Migori na Homa Bay, mvulana na msichana, watakaochaguliwa katika shule za kutwa na si katika shule kubwa za bweni zilizozoea kupata kila kitu. Hazina za basari zinagawanya fedha kwa maelfu ya watoto kila mwaka, wengine wakipata kiasi kisichotosha hata kununua godoro. Sehemu ndogo ya hazina hizo ikitengwa kwa ajili hii, hakuna atakayefukuzwa shule kwa sababu yake. Afisa wa elimu ahakikishe kuwa watoto wa Kidato cha Tatu na wa Gredi ya 10 wana vyeti vya kuzaliwa, na ofisi ya pasipoti ya Kisumu iwapokee kwa siku moja iliyotengwa, badala ya kila mzazi kusafiri mara tatu. Umri nao utafutiwe dawa mapema. Mtoto aliyerudi kutoka mgodini na asaidiwe kufidia madarasa aliyoyakosa, asije akafikishwa kwenye fomu akiwa amekwisha kutimiza miaka 19.

Limebaki jambo la kupokea, ambalo ndilo jina la mpango huu linalotudai. Kubadilishana ni kutoa na kutwaa. Sisi tumezoea kupeleka. Huko Muhuru, katika Nyatike hiyo hiyo, kuna shule ya bweni ya wasichana iitwayo WISER, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ushirikiano na watu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, na wanafunzi wa chuo hicho wamewahi kuja kukaa huko wakati wa likizo yao ndefu. Wenyeji hawakushindwa kuwakirimu. Ikiwa wiki chache zimewezekana, muhula mzima nao wawezekana. Kijana wa Minnesota atalala chini ya chandarua, atajifunza kuoga kwa karai moja la maji, ataulizwa kila jioni ameshindaje na kutakiwa kujibu kweli. Wazazi wake wataogopa, kama wanavyoogopa wazazi wetu. Zitahitajika nyumba zenye chumba cha ziada, choo safi na mtu mzima mwenye subira, na zitahitajika kukaguliwa kama wanavyokagua wao. Walimu na wauguzi wanaoishi Macalder, Sori na Muhuru wana nyumba za namna hiyo. Ofisi ya elimu ya Nyatike yaweza kuanza kuandika majina yao muhula huu huu, kabla ya waraka wa Wizara kutoka na kabla ya shilingi moja kutolewa.